Mwisho wa mwaka chuoni, lakini mwaka upi?

Kila Desemba ikikaribia watu wa vyuo vikuu wanajua kinachokuja, ile imeili ndefu kutoka ofisi ya msajili au ya makamu mkuu wa chuo, kichwa chake kitu kama "Taarifa za mwisho wa mwaka kwa wanataaluma na watumishi wote", ndani mambo yamerundikwa bila mpangilio: matokeo yapelekwe lini, masurufu (ile hela uliyotangulizia kwa safari au kazi) yarejeshwe lini, nani kapandishwa cheo, fomu ya tathmini, siku za likizo, sistimu itazimwa wikiendi gani, na pale chini kabisa heri ya mwaka mpya. Wengi wanaipitia juu juu wanaifunga, alafu baadaye mtu anashtuka hela yake ya utafiti imefungiwa au matokeo ya darasa zima yamerudishwa idarani.

Urefu wa hiyo imeili mi naweza kuuvumilia. Kinachochanganya watu ni kwamba inasema "mwisho wa mwaka" kana kwamba mwaka ni mmoja, wakati chuo kikuu kinaendesha miaka kadhaa kwa pamoja na kila mmoja una mwisho wake. Kuna mwaka wa kalenda, kuna wa masomo, kuna wa fedha, kuna wa mkataba wako, na kuna wa machapisho ambao wenyewe una vituko vyake. Kwa hiyo kila mstari wa ile imeili uulize kwanza, hapa wanasema mwaka upi?

Tuanze na wa masomo maana ndo unaogusa watu wengi. Sehemu kubwa ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini mwaka unaanza kati ya Agosti na Oktoba na kuisha kati ya Mei na Julai, kwa hiyo Desemba kwao ni katikati ya safari, muhula wa kwanza tu ndo umeisha au unaelekea kuisha. Australia na Afrika Kusini wanaanza Februari hivi wanamaliza Novemba, kwao Desemba ni mwisho kweli. Japani wanaanza Aprili wanafunga Machi. Sasa fikiria fomu inayokuambia "taja kozi ulizofundisha mwaka huu". Chuo kinachoanza Septemba, ukijaza kwa mwaka wa kalenda utakuwa umechanganya muhula wa pili wa mwaka uliopita na muhula wa kwanza wa mwaka huu, mzigo wako wa kufundisha utaonekana mkubwa au mdogo kuliko ulivyo, na mwenzako wa ofisi ya jirani kajaza kwa mwaka wa masomo, alafu mkuu wa idara anawalinganisha nyie wawili kama vile mmejaza kitu kimoja. Hapo hakuna aliyedanganya, ila namba zimeshaharibika.

Ndani ya mwaka wa masomo kuna hili la matokeo na hapa nikae kidogo kwa sababu ndo chanzo cha zile memo kali kuliko zote. Mtu akiangalia kwa nje anadhani mwalimu akishasahihisha kazi imekwisha. Katika vyuo vinavyofuata mtindo wa Uingereza alama zako ni mapendekezo tu. Zinaanzia kwako, zinapitia kwa mtu wa pili wa kuhakiki, zinaenda kwa mtahini wa nje, yaani mwalimu kutoka chuo kingine, zinakaa kwenye bodi ya idara, zinapanda kitivo, na mwisho kabisa seneti, kile kikao cha juu cha taaluma chuoni, ndo inaziidhinisha, hapo ndo zinakuwa matokeo. Huyu mtahini wa nje si jambo la juzi, chuo cha Durham huko Uingereza kilipoanzishwa miaka ya 1830 kilikuwa kinachukua watahini kutoka Oxford ili digrii yake changa iaminike, na mazoea hayo yakasambaa kila mahali mtindo wa Uingereza ulikofika. Kwa hiyo tarehe ya seneti inapangwa mapema na haisogei, hao wajumbe wana ratiba zao, na tarehe nyingine zote zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo: kitivo kikae siku kadhaa kabla, idara kabla ya kitivo, mtahini wa nje apate muda wa kusoma skripti, yaani karatasi za majibu, kabla ya idara. Ukifika kwa mwalimu wa kawaida siku zilizobaki ni chache, na hizo chache ndo anasahihisha skripti za darasa zima.

Ndo maana unaona memo inasema "hakuna nyongeza ya muda" kwa herufi kubwa. Msajili hana roho mbaya kama watu wanavyodhani (wapo wenye roho mbaya, lakini hilo ni jambo lingine). Mwalimu mmoja akichelewa kozi moja, programu nzima haiwezi kuingia kwenye ajenda kwa sababu wastani wa mwanafunzi haukokotolewi na shimo katikati, na programu ikikosa seneti hii inasubiri inayofuata, na hapo kuna mwanafunzi alikuwa anahitaji matokeo kwa ajili ya mkopo, au viza, au kazi iliyomwambia alete cheti. Huyo mwanafunzi hajui kitu kuhusu ratiba za seneti, yeye anaona tu akaunti yake haina matokeo.

Mtindo wa Marekani ni tofauti, huko mwalimu anaingiza alama mwenyewe moja kwa moja kwa msajili na zinahesabika, hakuna mtahini wa nje wala seneti ya kupitisha alama za kozi. Muda wa kuingiza ni mfupi, mara nyingi siku chache tu baada ya mtihani, lakini ngazi ni moja. Huko mtego uko kwenye ile alama ya "haijakamilika" anayopewa mwanafunzi aliyepata dharura. Hiyo alama ina tarehe yake ya kufa. Vyuo vingi vimeweka kwamba muda ukipita bila mwalimu kuibadilisha sistimu inaigeuza yenyewe kuwa F. Mwalimu kaondoka, mkataba umeisha, imeili haisomi, na mwanafunzi anaamka na F ya kozi aliyoahidiwa atamalizia. Hivyo ukiona kwenye taarifa mstari unasema "pitieni alama ambazo hazijakamilika", usiruke.

Haya, hela. Mwaka wa fedha ndo unaotofautiana kuliko yote. Vyuo vingi vya Uingereza vinafunga vitabu 31 Julai. Serikali za Kenya, Tanzania na Uganda zinafunga 30 Juni. Serikali kuu ya Marekani 30 Septemba. Vyuo vya umma vya Afrika Kusini vinafunga 31 Desemba. Kwa hiyo ikiwa chuo chako kinafunga Juni na imeili ya Desemba inakuambia habari za fedha, basi kuna mawili, ama ni mapitio ya nusu mwaka ambapo wanatazama nani hajatumia ili wamnyang'anye wampe mwingine, ama ni hela ya mfadhili ambaye mwaka wake ni wa kalenda. Hayo mawili yanataka hatua tofauti kabisa na ni muhimu kujua unaambiwa lipi.

Kwa nini hela inarudi? Hili swali watafiti wapya wanauliza sana, mbona nimepewa hela alafu inachukuliwa wakati kazi bado. Bajeti za umma kawaida zinatolewa kwa mwaka, ruhusa ya kutumia inakufa na mwaka, hela yenyewe inaweza kuwepo benki lakini ruhusa haipo. Juu ya hapo kuna ile hofu kwamba usipomaliza mwaka huu mwakani utapewa pungufu, kwa hiyo watu wanakimbilia kununua. Wachumi wawili, Jeffrey Liebman na Neale Mahoney, mwaka 2017 walichapisha utafiti wa manunuzi ya serikali kuu ya Marekani wakakuta wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha matumizi yanafika mara 4.9 ya wiki ya kawaida, na miradi ya kompyuta iliyonunuliwa wakati huo ubora wake uko chini ukilinganisha na ya wakati mwingine. Hiyo ni serikali, lakini mtu yeyote aliyekaa chuoni ameshaona printa tatu mpya kwenye idara ambayo haina karatasi.

Sasa ofisi ya fedha ikisema "tumieni kabla ya tarehe fulani" neno tumieni lina maana tatu na wengi wanaumia hapo. Kuna kuagiza, kuna kupokea, kuna kulipa. Mtafiti anatuma oda wiki ya mwisho anadhani kashatumia hela, mhasibu yeye anahesabu siku kitu kilipofika na kusainiwa kupokelewa. Oda ambayo mzigo haujafika mara nyingi inahesabiwa kama ahadi tu, na ahadi kwenye vyuo vingine inavuka mwaka na kwenye vingine inafutwa. Nauli ya mkutano wa Februari ukiilipa Desemba, mhasibu makini ataiweka kwenye mwaka ambao mkutano unafanyika, hata kama hela imetoka sasa. Na masurufu ndo yale yale, mpaka urejeshe risiti na chenji hiyo hela iko kwenye jina lako kama deni, mwaka ukifungwa wakaguzi wanakuja kukuta deni, na vyuo vingi vinakata kwenye mshahara bila kubembelezana na mtu.

Ruzuku ya utafiti ina kalenda yake tena. Haijali Desemba wala Juni, inajali tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye mkataba wa ruzuku. Ruzuku za serikali kuu ya Marekani kwa kawaida zinakupa siku 120 baada ya mradi kuisha kupeleka ripoti za mwisho, lakini siku hizo ni za kufunga hesabu, si za kuendelea kununua. Nyongeza ya muda bila hela mpya ipo, ila inaombwa kabla mradi haujaisha. Ukikumbuka baada ya tarehe unakuwa umeshaenda kuomba msamaha, na majibu ya msamaha yanategemea uliyemkuta ofisini.

Tuje kwenye machapisho, maana fomu ya tathmini itauliza "machapisho ya mwaka huu" na hapo kila mtu anavuta kwake. Makala moja inaweza kuwa na tarehe nne: imekubaliwa Agosti, imewekwa mtandaoni Novemba, imeingia kwenye toleo la Machi mwaka unaofuata, na imeonekana kwenye kanzidata baadaye zaidi. Mwaka wake ni upi? Inategemea chuo, na jambo la maana kuliko kuchagua tarehe nzuri ni kutoihesabu mara mbili, maana mtu anaiweka mwaka huu kama ya mtandaoni na mwakani anaiweka tena kama ya toleo, kamati ikigundua inaanza kutilia shaka hata zile za halali. Namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti, ilianza kutolewa 2012 na inasaidia hapa, makala zako zinakaa sehemu moja chini ya namba ya tarakimu 16 hata kama jina lako linaandikwa kwa namna tatu.

Na impakti fakta, kipimo cha makala za jarida zinatajwa mara ngapi kwa wastani, ambayo watu wanaitaja kila mwisho wa mwaka kama alama ya mtihani. Inavyokokotolewa ni hivi. Ya mwaka 2024 inatoka katikati ya 2025, inachukua marejeo yaliyofanyika ndani ya 2024 kwenda kwa makala za 2022 na 2023, inagawa kwa idadi ya hizo makala. Sasa angalia kinachotokea Desemba. Makala iliyotoka Januari 2023 na iliyotoka Desemba 2023 zinahesabiwa za mwaka mmoja, lakini ile ya Januari ilikuwa na karibu mwaka mzima zaidi wa kusomwa na kutajwa. Kwa hiyo mhariri ana sababu ya kuiacha makala ya Desemba isubiri toleo la Januari, na mwandishi mwenye fomu ya tathmini ana sababu ya kutaka itoke Desemba hiyo hiyo. Kila mmoja anavuta kamba kwake na sayansi ndani ya makala haijabadilika hata nukta. Desemba 2012 huko San Francisco wanasayansi na wahariri walikaa wakaandaa tamko, likatoka 2013, linajulikana kama DORA, linasema vipimo vya jarida visitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja. Vyuo vingi vimeshasaini. Fomu zao nyingine bado zinauliza impakti fakta ya jarida, na sijaona imeili ya mwisho wa mwaka inayoeleza hiyo inakuwaje.

Orodha za ubora wa vyuo nazo zinaingia kwenye hizo taarifa, "tumepanda nafasi kadhaa", sawa hongera. Jua tu kwamba orodha ya QS na ya Times Higher Education zinatoka na jina la mwaka unaofuata, inayoitwa ya 2025 ilitoka 2024, na data iliyomo ni ya nyuma zaidi ya hapo. Kwa hiyo sifa unazoletewa leo ni za kazi ya miaka iliyopita, pengine ya watu walioshaondoka.

Kupandishwa cheo pia kuna tarehe mbili mpaka tatu. Kuna siku kamati ilipokaa, kuna siku barua ilipotoka, na kuna tarehe cheo kinapoanza kuhesabika, ambayo inaweza kurudishwa nyuma au kusogezwa mbele mpaka bajeti mpya ianze. Jina lako kwenye imeili halimaanishi mshahara wa mwezi huu umebadilika, soma barua yenyewe, tafuta tarehe ya kuanza kutumika, ndo hiyo inayoamua kama kuna malimbikizo au hakuna.

Mikataba ndo sehemu inayoniudhi. Marekani, chama cha maprofesa cha AAUP kimeweka viwango kwamba mtu aliye kwenye kipindi cha majaribio kabla ya kupewa ajira ya kudumu, kama chuo hakitaki kuendelea naye, aambiwe kabla ya 1 Machi akiwa mwaka wake wa kwanza, kabla ya 15 Desemba akiwa mwaka wa pili, na akishapita miaka miwili apewe miezi 12 kamili. Kwa hiyo hiyo 15 Desemba watu fulani wanaikodolea macho kuliko Krismasi. Ni viwango vya chama, si sheria ya nchi, ila vyuo vingi vimevichukua. Mhadhiri wa muda hana hata hicho. Mkataba wake unaisha na wiki ya mwisho ya kufundisha au siku ya mtihani, lakini kusahihisha kunaendelea, rufaa za wanafunzi zinaendelea, na ile bodi ya matokeo niliyoisema juu inakaa yeye akiwa hayupo kwenye malipo. Anapokea imeili ile ile ya "wanataaluma wote" inayomwagiza kazi za Januari, na baada ya siku chache akaunti yake ya imeili inafungwa, zikiwemo skripti alizokuwa anasahihisha humo. Wewe kama ni wa muda, shusha kila kitu chako mapema na uliza kwa maandishi kazi ya baada ya mkataba inalipwaje. Wakikujibu kwa mdomo, waandikie wewe kuthibitisha walichosema.

Kanuni mpya za akili mnemba nazo sasa zinaingia humo humo. ChatGPT ilitoka 30 Novemba 2022, yaani katikati kabisa ya msimu wa mitihani kwa nusu ya dunia, na tangu hapo kila mwisho wa mwaka kuna sera mpya. Swali ni lile lile la mwaka: sera inaanza lini na inamgusa nani? Vyuo vingi mwanafunzi anafungwa na kanuni za mwaka aliodahiliwa kwa mambo ya programu, lakini kwa mambo ya nidhamu anafungwa na kanuni za sasa, na udanganyifu wa mtihani uko upande wa nidhamu. Kazi aliyoikusanya kabla ya sera kuanza usiipime kwa sera mpya, utapigwa kwenye rufaa. Na usitegemee programu za kugundua maandishi ya mashine kama ushahidi peke yake, hata OpenAI, wenye ChatGPT, wenyewe waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Mambo ya sistimu kuzimwa na pasiwedi kubadilishwa hayana siri, weka kwenye kalenda yako basi.

Likizo sasa, ule mstari unaosema "siku ambazo hazijatumika zitapotea". Hapa mwaka unaweza kuwa wa kalenda, wa masomo au unaanza siku uliyoajiriwa, uko kwenye mkataba wako. Ila kuna kesi inafaa watu wa vyuo waijue. Mtafiti mmoja Ujerumani alifanya kazi Max Planck, taasisi ya utafiti, kwa mikataba ya muda mpaka mwisho wa 2013, alipoondoka alikuwa na siku 51 za likizo hajazitumia, akadai alipwe, mwajiri akasema hukuomba kwa hiyo zimepotea. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na mwezi Novemba 2018 ikasema haki ya likizo haipotei yenyewe kwa sababu tu mtu hakuomba, mwajiri anatakiwa athibitishe kwamba alimpa nafasi kweli ya kuitumia, alimwambia wazi na kwa wakati kwamba asipoitumia itapotea. Kwa hiyo nchi za Umoja wa Ulaya ule mstari mmoja kwenye imeili ni kinga ya mwajiri, na ukitumwa tarehe 23 Desemba kwa ajili ya likizo inayoisha tarehe 31 una kila sababu ya kuuliza huo ndo wakati gani. Nje ya hapo fuata mkataba na sheria ya kazi ya nchi yako, na kama unataka kusogeza siku mwakani omba kwa maandishi kabla tarehe haijapita, maana wanaohusika na rasilimali watu nao wanaenda likizo wiki hiyo hiyo.